Saumu baada ya upasuaji wa kupunguza unene

Katika aina moja ya upasuaji huu daktari huondoa takriban robo tatu ya mfuko wa chakula au zaidi. Kilichobaki ni chembamba mfano wa ndizi. Mgonjwa hunywa kwa mafunda madogo, walau lita moja na nusu kwa siku, tena si pamoja na chakula. Je, atayamaliza lini kati ya Magharibi na Alfajiri?

Ndiyo maana madaktari wengi huzuia saumu miezi ya mwanzo, wengine hata mwaka mzima. Anayefunga kwa siri huweza kuishiwa maji mwilini akazirai. Mweleze daktari kabla ya kisu. Daktari makini atakuuliza mwenyewe, asipouliza, sema. Al-Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa, basi mpelekee sheikh wako maelezo ya daktari.

Futari nayo ina mtihani. Kwa aliyeunganishiwa utumbo, kaimati na uji wa sukari huweza kuleta jasho, moyo kwenda mbio na kuhara.

Kuhusu vitamini, ambazo ni za maisha, baadhi ya kapsuli zina jelatini ya nguruwe. Usiziache kimya kimya, maana kukosa B12 huharibu neva. Omba vidonge vya kutafuna visivyo na jelatini, au sindano.