Mjomba au Ami? Asili ya Majina ya Jamaa katika Lugha za Kigermaniki

Mfasiri akutanaye na neno la Kiingereza "uncle" hana budi kusita. Aandike mjomba au ami? Katika shauri la mirathi kosa hili si dogo: ndugu wa baba na ndugu wa mama hawana daraja moja katika sheria ya Kiislamu, wala katika mila nyingi.

Hata hivyo, upungufu huo haukuwamo katika Kiingereza tangu awali. Kiingereza cha Kale kilikuwa na "fædera" kwa ndugu wa baba na "eam" kwa mjomba. Shangazi aliitwa "faðu", na ndugu wa kike wa mama "modrige". Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, maneno ya Kifaransa yalienea, yakiwamo "uncle", "aunt", "nephew" na "cousin". La kushangaza ni kwamba "uncle" asili yake ni "avunculus" ya Kilatini, yaani mjomba peke yake, na "aunt" ni "amita", yaani shangazi tu. Hivyo jina la upande wa mama limemmeza ami! Nasi tuliazima "ami" kwa Waarabu, lakini tofauti ya pande mbili haikupotea.

Majina ya ndani ya nyumba hayakung'oka. Mwaka 1822 Jacob Grimm alieleza jinsi sauti "p" ya zamani ilivyogeuka "f" katika lugha hizi. Ndiyo maana "pater" ya Kilatini inalingana na "father" ya Kiingereza na "Vater" ya Kijerumani (ambayo hutamkwa kwa "f"). Lakini Biblia ya Kigothi, ya karne ya 4, karibu kila mahali humwita baba "atta", neno lenye sura ya usemi wa watoto wachanga.

Kijerumani nacho kilipokea "Onkel" na "Tante" kutoka Kifaransa. "Vetter", aliyekuwa ami, sasa ni binamu wa kiume. Asomaye hati za kale na ajihadhari. Kiswidi kimehifadhi tofauti kwa kuunganisha maneno: "farbror" ni ndugu wa baba, "morbror" ndugu wa mama, "faster" shangazi, "moster" mama mdogo au mkubwa.

Basi matini ya Kiswidi haimsumbui mfasiri katika jambo hili. Ya Kiingereza humlazimu kutafuta ukoo katika kurasa nyingine, na asipoupata, aiulize ofisi iliyoileta hati kabla ya kuandika mjomba.