Futari ya Nakuru: Kiazi Kitamu na Tufaha

Katika Ramadhani ya mwaka 2025 nilitia nguo mbili na nazi mbili katika mkoba, nikafunga safari ya Nakuru. Nazi zile alinipa mama watoto. "Huko bara," alisema, "watakulisha viazi vya maji."

Kijana wetu anafundisha skuli huko, naye amemuoa binti wa Molo aliyesilimu. Tangu arusi yao sikuwa nimekanyaga kwao. Udhuru wangu ulikuwa umbali, lakini umbali wenyewe si hoja tena. Gari-moshi lililoanza mwaka 2017 hukutoa Mombasa hadi Nairobi kwa saa tano sita, na kutoka Nairobi zimebaki kilomita kama 160 za matatu. Ukweli, msomaji, ni kwamba arusi ile haikunipendeza, na mzee akikosa la kusema husingizia njia.

Nakuru imepewa hadhi ya jiji mwezi wa Desemba 2021. Iko mita kama 1,850 juu ya bahari, chini ya mlima Menengai, na mtu wa pwani akishuka garini jioni huiona baridi yake kabla ya kuliona ziwa. Nilifika alasiri mtaa wa Bondeni, nikatandikiwa mkeka. Jua lilikuwa bado lang'ara simu ilipolia. Alikuwa mama watoto, na tende kinywani. "Mmeshafungua?" Nami nikanyosha mkono kwenye sahani.

Mkwe wangu akasema taratibu, "Baba, kwetu bado."

Naam, Nakuru iko magharibi ya Mombasa kwa digrii zaidi ya tatu na nusu, na kila digrii moja jua huchukua dakika nne kuivuka. Basi Magharibi ya kwao huja nyuma ya yetu kwa kiasi cha robo saa. Mimi niliyehitimu chuoni nikiwa mdogo nilikaribia kufunguzwa na saa ya mji mwengine, nikaokolewa na msichana ambaye Ramadhani yake ilikuwa ya tatu.

Baada ya tende na sala sinia likaletwa. Uji wa pilipili manga niliutambua, na sambusa pia. Katikati palikuwa na bakuli la vipande vya rangi ya chungwa, vimeungua kidogo pembeni, vimechanganywa na vipande vyengine laini vyenye ganda jekundu, na harufu ya mdalasini ikipanda. Nikauliza ni nini. Nikaambiwa ni viazi vitamu na tufaha, vimechomwa.

"Na nazi iko wapi?" nikasema. "Hii ni futari au ni chakula cha hoteli ya Wazungu?"

Nilicheka peke yangu. Mwanangu aliutazama mkeka. Mkwe wangu akasema, "Samahani, baba," akaliondoa bakuli, wala sikuwa nimeonja hata kipande kimoja.

Usiku baada ya tarawehe mwanangu aliniambia mambo mawili. La kwanza, mkewe alikwenda soko la Wakulima mara tatu kutafuta nazi kwa ajili ya ujio wangu. Aliipata moja, na alipoivunja ikawa imeoza. La pili, chakula kile ndicho alichopikiwa na mamake asubuhi aliyotoka kwao kuja kuolewa. Mama yule hakuwa na furaha na ndoa kama mimi nisivyokuwa nayo, lakini yeye alipika.

Hapo ndipo nilipozikumbuka zile nazi mbili. Zilikuwa mkobani bado.

Asubuhi nilimwendea jikoni nikamwambia, "Mwanangu, nimekosa. Nifundishe." Akanitazama kama anayepima iwapo ni mzaha mwengine, kisha akachukua kikapu, tukaenda sokoni.

Viazi vitamu vya Nakuru vingi hutoka magharibi, na muuzaji tuliyemwendea alisema vyake ni vya Kabondo, kaunti ya Homa Bay. Vilikuwapo vyeupe, vya manjano na vya rangi ya chungwa. Mkwe wangu alichagua hivi vya mwisho, nami baadaye nikajua kwamba si urembo tu. Rangi ile ndiyo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ambayo upungufu wake huwapofua watoto. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula ya Dunia walipewa watu wanne kwa kazi ya kuzalisha na kueneza mazao yenye lishe zaidi, kiazi hiki kikiwa mbele, na mmoja wao ni Mganda, Robert Mwanga. Vitamini yenyewe haiingii mwilini vizuri bila ya mafuta, kwa hiyo samli haitiwi kwa anasa.

Matufaha ndiyo yaliyonishughulisha. Kwetu mwambao tofaa ni lile tunda jekundu, jeupe ndani, linukalo kama waridi. Lile ni ndugu wa mkarafuu na mzambarau, na asili yake ni Mashariki ya mbali. Tufaha la bara, ambalo hasa ndilo Waarabu walilitia jina, ni la ukoo wa waridi wenyewe, ingawa halinukii waridi hata kidogo. Tumelipa tunda moja jina la jingine, na la kwetu limekaa nalo bila ya kulalamika.

Mengi yauzwayo Nakuru yametoka Afrika Kusini. Lakini babake mkwe wangu anayo miti sita huko Molo, kwenye baridi, naye alikuwa ametuma mfuko. Mtufaha hutaka kulala wakati wa kipupwe ndipo uzae, na kwetu hakuna baridi ya kuulaza sawasawa. Basi mzee yule huyapukusa majani kwa mkono, tawi kwa tawi, mti ukadhani msimu umegeuka na kuchanua. Nilimhurumia mti ule, ni kama mtu aliyeamshwa kabla hajapata usingizi. Matunda yake ni madogo na yana uchachu wa kukunja uso.

Uchachu huo ndio siri, na hapo mtu wa pwani hana haja ya kufunzwa. Sisi hatuli kitamu wala cha mafuta bila ya ndimu, ukwaju au embe bichi kando. Tufaha katika kiazi lafanya kazi ya ndimu. Ukitia tufaha tamu umetia sukari juu ya sukari.

Upishi ni huu. Kilo moja ya viazi imenywe na kukatwa vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Vipakwe samli vijiko viwili, chumvi na pilipili manga, vitandazwe katika treya visipandane, maana vikirundikana vitatokota badala ya kuchomeka. Yeye huvitia tanuri likiwa bado baridi, ndipo awashe. Kiazi kikipashwa polepole wanga wake hupata nafasi ya kugeuka utamu kabla hakijaiva. Baada ya nusu saa, vikianza kulainika, hutia matufaha matatu yaliyokatwa pamoja na maganda yake, na mdalasini kidogo, kisha dakika 20 nyengine. Matufaha yakitangulia yatakuwa uji. Sukari haitiwi. Na mwenye maradhi ya kisukari asihadaike kwa hilo: kiazi cha kuchoma hupandisha sukari ya damu kuliko cha kuchemsha.

Nikamuuliza mbona kwao hawachemshi. Akasema Molo chungu hakina nguvu. Nilidhani ni msemo, kumbe ni hesabu. Kadiri upandavyo mlima ndivyo maji yachemkavyo kwa joto dogo. Nakuru ni kama digrii 94, na Molo hayafiki hata 93, basi kiazi hukaa motoni hadi mtu akate tamaa.

Jioni ile nilingoja adhana ya Nakuru. Kiazi kilikuwa kikavu nje na laini ndani, na tufaha likakata ule utamu mzito unaokinaisha. Niliongeza mara mbili. Nazi zangu hazikufaa kitu, kwa kuwa nyumba haikuwa na mbuzi ya kukunia. Mkwe wangu alijaribu kijiko, tukaishia kuzitafuna vipande vipande kwa daku, sote watatu.

Niliporudi Kibokoni nilipika mwenyewe, kwa moto wa makaa chini na juu kama mkate wa sinia. Mama watoto alionja kipande, akanyamaza, akaonja cha pili. "Imekosa nazi," akasema, kisha akachukua simu akapiga Nakuru. Walizungumza hao wawili zaidi ya nusu saa, mara ya kwanza tangu arusi bila ya mimi wala mwanangu kuwa kati yao. Waliyosema siyajui, maana nilifukuzwa nikaangalie makaa.