Kayongo na Kamera: Video Inavyofundisha na Inavyoshindwa Kufundisha

Mkulima wa Homa Bay, Siaya au Kisumu anapoona maua ya zambarau yamechanua katikati ya mahindi yake, anajua kwamba msimu umeshaharibika. Hilo ni kayongo, gugu ambalo wanasayansi huliita Striga na majirani zetu wa Tanzania huliita kiduha. Mmea mmoja tu hutoa makumi ya maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, na mbegu hizo huweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10 bila kufa. Mzizi wa mahindi ukipita karibu, hutoa kemikali inayoziamsha. Mbegu huchipua, hujipachika kwenye mzizi na kuanza kunyonya maji na chakula. Siku gugu linapochomoza juu ya ardhi, sehemu kubwa ya madhara imeshatendeka chini.

Somo hili ni gumu kulifundisha kwa maneno matupu, kwa kuwa tukio lenyewe limefichwa udongoni. Ni gumu pia kulifundisha kwa picha moja, kwa kuwa linachukua wiki kadhaa. Linahitaji kuonekana likitendeka, na kazi hiyo video inaiweza kuliko chombo kingine chochote cha mwalimu aliye mbali na wanafunzi wake. Ndiyo maana wataalamu wa kilimo, vyuo vikuu na walimu wa kozi za mtandaoni kandokando ya Ziwa Viktoria wameikumbatia. Hata hivyo, mtu anaweza kutazama video mwanzo hadi mwisho, akaifurahia, na asibaki na kitu. Tofauti kati ya video inayofundisha na ile inayopita tu machoni imechunguzwa sana na wanasaikolojia, na matokeo yao yanamfaa mno mwanafunzi wa Nyanza anayesomea kwenye simu. Kinachoipunguzia akili mzigo ndicho pia kinachompunguzia gharama za data.

Akili na meza ya mchuuzi

Mwaka 1988 John Sweller, mtafiti wa Chuo Kikuu cha New South Wales nchini Australia, alieleza kwa nini wanafunzi hushindwa kujifunza hata wanapojitahidi. Jambo jipya hupitia kwanza katika kumbukumbu tendaji, sehemu ya akili inayoshika mambo tunayoyafikiria kwa wakati huo. Sehemu hiyo ni finyu. Makadirio yanayokubalika na wengi ni kwamba hushika mambo mapya kama manne hivi kwa mara moja. Ni kama meza ya mchuuzi pale soko la Kibuye: ukiongeza fungu la nyanya pale ambapo hakuna nafasi, fungu jingine linaanguka.

Kitabu humpa msomaji nafasi ya kusimama na kurudi nyuma. Video isiposimamishwa haisubiri. Neno lililosemwa sasa hivi limeshapita, na mtazamaji analazimika kulishika kichwani huku akipokea linalofuata. Mwalimu akisema haraka mambo saba mapya, matatu ya mwisho yatayasukuma ya kwanza. Kwa sababu hiyo video ndefu isiyo na mapumziko huchosha hata pale somo linapovutia.

Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ametumia zaidi ya miaka 30 kupima ni nini hasa hupunguza mzigo huo. Jambo moja alilolithibitisha ni kwamba macho na masikio hupokea habari kupitia njia mbili tofauti, na mwanafunzi hufaidika njia hizo zikigawana kazi: jicho lione mchoro, sikio lisikie maelezo yake. Mwalimu anayejaza slaidi maandishi kisha akayasoma neno kwa neno humlazimisha mwanafunzi kufuatilia sentensi zilezile mara mbili kwa mwendo usiolingana. Aondoe maandishi, abakize mchoro na maneno machache ya msingi. Kwa anayesoma kwa lugha ya pili au ya tatu, kama walivyo wanafunzi wetu wengi wanaofundishwa kwa Kiingereza, manukuu chini ya skrini huweza kusaidia. Yawepo, ila mwanafunzi awe na uwezo wa kuyawasha na kuyazima.

Somo la kayongo, kipande kwa kipande

Tuchukue somo letu la kayongo tulione likitengenezwa. Katika kipande cha kwanza mkono unang'oa mmea wa mahindi pamoja na kayongo lililoushikilia, udongo ukiwa bado umeganda. Mizizi inaoshwa taratibu ndani ya beseni la maji. Kamera inasogea karibu, kidole kinaonyesha pale mizizi miwili inapokutana, na mwalimu ananyamaza sekunde chache ili jicho lifanye kazi yake. Hakuna muziki, hakuna nembo ya chuo inayozunguka pembeni. Mayer ameonyesha mara nyingi kwamba mapambo yasiyohusiana na somo hupunguza kinachokumbukwa.

Kipande cha pili ni karatasi nyeupe na kalamu. Mwalimu anachora mzizi wa mahindi, halafu mbegu, akitaja miaka inayoweza kukaa udongoni, halafu kemikali inayotoka mzizini, kila mstari ukija pamoja na sentensi inayouhusu. Mchoro unaokua mbele ya macho humwonyesha mwanafunzi pa kutazama. Mchoro uleule ukitokea wote kwa pamoja ungemwacha akitafuta.

Kipande cha tatu kinaleta dawa, nayo ilipatikana hapa hapa ziwani. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kilichopo Mbita kilishirikiana na wataalamu wa Rothamsted wa Uingereza na watafiti wa kilimo wa Kenya kubuni mbinu ambayo wakulima huijua kwa jina la Vuta Sukuma. Mkulima hupanda mmea wa desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi na nyasi kama Napier kuzunguka shamba. Harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo wanaozaa funza wa mabua, na Napier huwavutia pembeni. Chini ya ardhi mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoamsha mbegu za kayongo na nyingine zinazolizuia kushika mzizi wa mahindi, hivyo gugu huchipua na kufa njaa. Ni mambo manne, na ndiyo maana yanastahili kipande chao peke yake.

Baada ya hapo video inasimama na swali linatokea: kuling'oa kayongo lililochanua, kabla halijatoa mbegu, kunaokoa mavuno ya msimu huu au ya misimu ijayo? Mwanafunzi hawezi kujibu kwa kukariri. Lazima aunganishe kipande cha kwanza, alipoona madhara yakitendeka chini mapema, na habari ya mbegu zinazokaa udongoni miaka mingi. Somo zima limechukua dakika chache, na amelifikiria mwenyewe.

Dakika sita

Mwaka 2014 Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin walichapisha uchambuzi wa vipindi milioni 6.9 vya utazamaji wa video katika kozi za edX, jukwaa lililoanzishwa na vyuo vikuu vya Harvard na MIT. Hata video iwe ndefu kiasi gani, muda wa kati wa kutazama haukuzidi dakika sita. Walibaini pia kwamba mwalimu anayechora kwa mkono huku akieleza alishika watazamaji zaidi ya slaidi tupu, na kwamba video iliyorekodiwa kwa ukaribu, mwalimu akiwa ofisini kwake, ilishinda nyingine iliyogharimu fedha nyingi studioni. Hiyo ni habari njema kwa mwalimu wa Bondo au Ahero mwenye simu, karatasi na chumba kisicho na kelele.

Lakini dakika sita si sheria. Watafiti hao walipima muda wa kutazama, na kutazama si kujifunza. Somo lenye dakika tisa lililopangwa vizuri linaweza kumfaidi mtu kuliko matatu mafupi yaliyopangwa ovyo. La msingi ni kipande kimoja kubeba wazo moja.

Kuna mtego mwingine ambao kila anayefundisha anapaswa kuujua. Mwaka 2013 Shana Carpenter wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, Marekani, na wenzake waliwaonyesha wanafunzi video ya dakika moja hivi iliyoeleza kwa nini paka wenye madoa ya rangi tatu karibu wote ni majike. Kundi moja lilimwona mhadhiri amesimama wima, akiwatazama, akizungumza kwa ufasaha. Kundi la pili lilimwona mhadhiri yuleyule ameinama, akisoma kwenye karatasi na kusitasita. Maneno yalikuwa yaleyale. Waliomwona akiwa fasaha waliamini wangekumbuka mengi zaidi. Walipopewa mtihani, makundi hayo mawili yalikaribiana. Mwanafunzi anaposema amelielewa somo kwa sababu ametazama video nzuri, tusikubali upesi. Tumpe swali.

Nguvu ya swali

Karl Szpunar, Novall Khan na Daniel Schacter wa Harvard walionyesha mwaka huohuo wa 2013 swali hilo linafanya nini. Walichukua mhadhara wa takwimu wa dakika 21 na kuugawa vipande vinne. Wanafunzi waliopewa jaribio fupi baada ya kila kipande walipotewa na mawazo kwa kiwango cha kama nusu ya wenzao, waliandika maelezo mengi zaidi, na walifanya vizuri zaidi katika mtihani wa mwisho. Kujaribu kukumbuka kunaimarisha kumbukumbu, na kujua kwamba swali linakuja kunamfanya mtu akae macho.

Chombo cha kufanya hivyo tunacho nyumbani. Chuo Kikuu cha Maseno, ambacho huendesha kozi za mtandaoni kupitia eCampus yake, kimekuwa kikitumia tangu 2019 mfumo wa STACK katika madarasa makubwa ya hisabati. Mfumo huo, uliobuniwa na Chris Sangwin wa Uingereza, humpa kila mwanafunzi swali lenye tarakimu zake mwenyewe, husahihisha papo hapo na kumwonyesha alipopotea njia. Mhadhiri mwenye mamia ya wanafunzi hawezi kusahihisha madaftari yao kila wiki. Akiweka maswali ya namna hii baada ya kila video fupi, kila mmoja anapata jibu kabla kosa halijawa mazoea.

Hesabu ya data

Sasa tuhesabu. Mhadhara wa saa mbili uliorekodiwa kwa ubora wa megabiti 2.5 kwa sekunde unakula gigabaiti 2.25. Video ya dakika sita ya kilobiti 500 kwa sekunde inakula megabaiti 22.5. Vipande vinne vya aina hiyo havifikii megabaiti 100. Kwa mwanafunzi wa Nyalenda au kisiwa cha Mfangano anayenunua data kidogo kidogo, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama atamaliza kozi.

Mpangilio wa picha nao una mchango wake. Programu zinazobana video hazihifadhi kila picha nzima. Huhifadhi picha moja kamili, kisha hurekodi kilichobadilika tu katika zinazofuata. Karatasi nyeupe ambapo kalamu pekee inasogea ina mabadiliko machache, kwa hiyo faili huwa dogo. Mwalimu aliyesimama mbele ya miti inayotikiswa na upepo wa ziwa huilazimisha programu kurekodi kila jani. Karatasi ileile inayoituliza akili ya mwanafunzi ndiyo inayookoa data zake.

Historia nayo inatuonya tusitegemee kwamba mtandao utakuwepo daima. Chuo Kikuu cha Mtandao cha Afrika, AVU, kilichoanzishwa na Benki ya Dunia mwaka 1997, kilianza kwa kurusha mihadhara kwa setilaiti hadi kwenye vituo maalum, kabla ya makao yake kuhamia Nairobi mwaka 2002 na kugeukia njia nyingine za ufundishaji. Julai 2020, wakati shule na vyuo vimefungwa kwa sababu ya korona, maputo ya Loon yalianza kurusha intaneti kupitia Telkom Kenya kutoka kimo cha kilomita 20 hivi, Kisumu ikiwa ndani ya eneo la huduma hiyo. Januari 2021 kampuni mama ya Loon ilitangaza kuufunga mradi huo. Video ipatikane kwa kupakuliwa, ili mwanafunzi aichukue penye mtandao na kuitazama popote.

Lugha isisahauliwe. Shirika la Access Agriculture, lililoanzishwa 2012, husambaza video za wakulima katika lugha zaidi ya 100 kwa kubadilisha sauti huku picha zikibaki zilezile. Mfululizo wa video inazosambaza kuhusu Striga ulipigwa kwa sehemu kubwa Afrika Magharibi, lakini gugu ni lilelile linalosumbua Nyanza. Mzizi uliooshwa kwenye beseni unaweza kuelezwa kwa Kijaluo asubuhi na kwa Kiswahili jioni bila kupiga picha upya.

Kwa mwalimu na mhadhiri anayesoma haya: kabla hujawasha kamera, andika swali ambalo mwanafunzi ataweza kulijibu baada ya kutazama. Kisha rekodi kile tu kinachohitajika kulijibu, kwa sauti yako mwenyewe, kwa maneno unayotumia darasani. Kwa wakuu wa vyuo: fedha mlizotenga kwa studio za kifahari, zipelekeni kwanza kwenye muda wa wahadhiri kuandika maswali na kusoma majibu. Nawe mwanafunzi, usihesabu video ulizotazama. Sitisha kila moja, funga skrini, na ueleze ulichojifunza kwa maneno yako. Usipoweza, irudie.