Kwa nini krili wanakusanyika?

Wavuvi wetu wa ziwa Tanganika wanajua jambo hili vizuri: usiku wa giza wanawasha taa, na ndakala wanakusanyika karibu na mtumbwi, mwezi ukiangaza sana, taa haiwavuti vema. Basi nyama wa maji hawakusanyiki ovyo. Leo tutazame jambo hilo katika bahari nyingine, mbali sana upande wa kusini, inayozunguka inchi ya barafu inayoitwa Antaraktika.

Humo anaishi nyama mdogo, jina lake krili. Si samaki, ni wa jamii ya kaa na kamba. Urefu wake ni kama sentimeta 6, na uzito wake haupiti sana gramu 2. Lakini katika maji yenye upana, urefu na kina cha meta moja wanaweza kupatikana krili 10.000 na zaidi. Ni nini kinachowakusanya? Tutaje mambo manne.

La kwanza ni mwanga. Mchana pengwini wanawinda kwa macho. Kwa hiyo krili wengi wanashuka penye giza, wakishikamana. Usiku wanapanda kula, na mara nyingi kundi linalegea.

La pili ni chakula. Krili wanakula vijani vidogo mno vinavyoota majini kwa nguvu ya jua. Panapo vijani vingi, wengi wanafika.

La tatu ni mikondo ya maji. Inawachukua na kuwarundika karibu na visiwa na penye miteremko ya chini ya bahari.

La nne ni barafu. Wakati wa baridi watoto wa krili wanakula vijani vinavyoota chini ya barafu ielayo. Barafu ikikosa, wanakosa chakula na maficho.

Pengine mtauliza: kundi lina faida gani? Pengwini akimfuata mmoja kati ya maelfu, macho yake yanachanganyikiwa. Lakini ngao hiyo ni mtego pia. Nyangumi hawindi mmoja mmoja: anafungua kinywa, anameza maji pamoja na kundi, kisha anayachuja. Wavu wa merikebu nao unafuata kundi. Ndiyo sababu mataifa yalifanya mapatano mwaka 1980, yakaanza kutumika mwaka 1982, ili uvuvi huo uwe na mpaka.

Na hapa tuangalie sana. Anayeona wavu umejaa asidhani bahari yote imejaa. Pengine mwanga na mikondo vimewakusanya mahali pamoja tu. Mwaka 2023 barafu ya bahari ile, wakati wa baridi, ilikuwa haba kuliko miaka yote iliyopimwa na setilaiti. Basi haitoshi kuhesabu krili; yatupasa kujua pia hali ya maji wanamoishi, kama vile mvuvi wa Tanganika anavyotazama mwezi kabla ya kusukuma mtumbwi wake.