Sigara ya umeme haina baraza

Watu wengi hudhani kwamba anayeacha sigara hupigana na moshi peke yake. Laiti ingekuwa hivyo, kazi ingekuwa nyepesi, maana siku hizi moshi una mbadala wake. Ziko hizi sigara za umeme, ambazo vijana wetu huziita vepu, zenye betri, waya wa kupashia moto na majimaji yenye nikotini, na ambazo hutoa mvuke badala ya moshi. Mtu hununua chombo hicho akavuta, nikotini ikaingia mwilini, na sigara akaiweka kando. Hesabu yaonekana imekamilika. Lakini baada ya mwezi mmoja au miwili utamkuta mtu yule yule amejibanza nyuma ya duka, chombo ki mfukoni na sigara ya kawaida i mdomoni.

Ninaye rafiki yangu hapa Mombasa, fundi wa cherehani, ambaye kwa kumsitiri nitamwita Fundi tu. Alivuta sigara kwa miaka 22, pakiti nzima kwa siku, na nyakati za kushona kanzu za Idi hata kupita hapo. Mwaka jana kifua kilimbana akipanda ngazi za nyumba yake. Daktari alimwambia waziwazi kwamba mishipa ya moyo imeanza kuziba, na kwamba asipoacha sigara asije akamlaumu mtu. Mpwa wake afanyaye kazi Dubai akamletea sigara ya umeme. Fundi akaishika kama mtu aliyepewa mwana wa kulea, akakaa wiki 7 bila kugusa sigara. Kisha akarudi.

Barazani walimcheka. Mimi nilitaka kujua kilichomrudisha ni nini, na tulizungumza habari hiyo jioni nyingi dukani mwake, mashine ikilia.

Shida ya kwanza ilikuwa ya mwili, nayo ni rahisi kuieleza. Moshi wa sigara huifikisha nikotini ubongoni kwa muda wa sekunde 10 hadi 20, na mwili uliozoeshwa hivyo kwa miaka 22 hautaki kungojeshwa. Mpwa alikuwa ameleta majimaji dhaifu, akidhani kwamba dhaifu ndiyo salama. Fundi akawa anakinyonya chombo kutwa nzima asishibe. Arosto ikamshika: hasira za bure, usingizi wa mang'amung'amu, sindano kumdunga vidole kama mwanagenzi. Kwa kawaida arosto ya nikotini huwa kali kabisa katika wiki ya kwanza, halafu hupungua kidogo kidogo mpaka wiki ya tatu au ya nne. Fundi aliivuka kwa ubishi wake, na alipopata majimaji yenye nguvu zaidi akatulia. Ajabu ni kwamba hakurudia sigara katika siku zile za taabu. Aliirudia katika wiki ya nane, mwili umekwisha kupoa.

Hapo ndipo tunapoingia katika mambo ya mila, ambayo wauzaji wa vyombo hivi hawayaandiki kwenye pakiti.

Kwetu Pwani tumbaku tangu zamani ni kitu cha kukaribishana. Mgeni aliletewa tambuu pamoja na popoo, chokaa na tumbaku, na mchanganyiko huo ndio wazee wetu waliouita uraibu, neno ambalo leo twalitumia kwa maana ya kushikwa na kitu hata usiweze kukiacha. Sigara ilipoingia iliirithi heshima ile ile. Anayetoa pakiti barazani huizungusha kwa wenzake kabla ya kuchukua yake, na kuikataa kwahitaji maneno. Hata kuomba moto kwa mtu usiyemjua ni njia ya kuanzisha mazungumzo, na najua watu waliopata kazi, na mmoja aliyepata mke, kwa njia hiyo. Sasa nieleze, msomaji, chombo cha umeme utamkaribishaje mtu? Hakigawanyiki. Huwezi kumpa mwenzako mdomo wa chombo chako, wala hakuna atakayekuomba moto. Ukikitoa, unavuta peke yako katikati ya watu.

Ukitaka kuona nguvu ya mahali na wakati, mtazame mvutaji katika mwezi wa Ramadhani. Anafunga tangu alfajiri hadi magharibi, zaidi ya saa 13 hapa kwetu, na saa sita za mchana hana habari na sigara. Adhana ya magharibi ikisikika, tende haijashuka tumboni, mkono umeshaingia mfukoni. Fundi mwenyewe alikuwa hivyo miaka yote. Mwili ni ule ule wa mchana. Kilichobadilika ni saa, kikombe cha kahawa na watu waliomzunguka.

Basi katika wiki hiyo ya nane palikuwa na hitima ya jirani. Baada ya kula watu wakatoka nje, kahawa chungu ikapita, na betri ya Fundi ikawa imekufa. Mzee mmoja, mtu mwema kabisa asiyekuwa na nia mbaya, akamnyoshea pakiti. "Chukua, sheikh wangu, moja haiui mtu." Fundi akachukua.

Sigara ile moja, kwa maoni yangu, haikuwa msiba. Msiba ulikuja asubuhi yake. "Niliamka nikajiambia nimeshaharibu," aliniambia. "Wiki 7 zimekwenda na maji. Nikakitia chombo ndani ya mtoto wa meza, nikaenda dukani." Akavuta siku 11 mfululizo, na siku ya kumi kifua kikambana tena.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Alan Marlatt, aliishughulikia sana asubuhi ya namna hii. Katika kitabu alichokitoa pamoja na mwenzake mwaka 1985 alitenganisha kuteleza na kuanguka. Kuteleza ni ile sigara moja. Kuanguka ni yale yanayofuata, na mara nyingi huletwa na fikira kwamba aliyeteleza amedhihirika kuwa hana nguvu, kwa hiyo hana haja ya kuendelea kujizuia. Wahunzi wetu walilijua hilo zamani waliposema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, ila kusema ni rahisi kwa asiyeshika koleo.

Tena kuna mtego ambao sisi wenyewe tunauona kila siku tukaupita. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuuza sigara mojamoja. Nenda kwenye kibanda chochote, utauziwa moja, na kiberiti utawashiwa. Mtu aliyelazimika kununua pakiti nzima angekuwa na nafasi ya kufikiri, angalau wakati wa kuhesabu pesa. Anayetoa sarafu chache hafikiri lolote. Fundi hakununua hata pakiti moja katika siku zile 11. Alinunua mojamoja, na kila moja alijiambia kuwa ndiyo ya mwisho.

Aliporudi kwenye chombo alikuja na hila mpya, akawa anataka sigara moja tu ya jioni, barazani, na mchana atumie umeme. Watu wengi hukaa katika hali hiyo ya nusu kwa nusu miaka mingi, wakidhani wamepunguza madhara kwa kadiri walivyopunguza sigara. Kwa moyo hesabu haiendi hivyo. Mwaka 2018 jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, lilichapisha uchunguzi uliokusanya tafiti 141, ukaonyesha kwamba mwenye kuvuta sigara moja kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya maradhi ya moyo anayoibeba mwenye kuvuta 20. Nilimsomea Fundi maneno hayo. Aliusimamisha mguu wake juu ya kanyagio la cherehani, akaniuliza kama nina hakika ni nusu wala si moja juu ya ishirini.

Alichokifanya baadaye si elimu ya vitabuni, na kwa hiyo nakipenda. Alikwenda barazani akawaambia wenzake mbele ya watu wote kwamba moyo wake una maradhi, jambo alilokuwa amelificha, akawaomba wasimkaribishe tena. Mzee yule wa pakiti alinung'unika kwamba dunia imekuwa ya ajabu mtu kuombwa asikaribishe. Fundi akanunua chaja ya pili akaiweka dukani. Kahawa akaihamishia ndani ya duka kwa mwezi mzima, na barazani akaenda na tasbihi, kwani alisema mkono wake ndio uliokuwa ukimsumbua kuliko kifua. Na katika daftari la vipimo, pale anapoandika mabega na viuno vya wateja, akatenga ukurasa wa nyuma wa kuandika kila sigara aliyoteleza nayo: siku, mahali na nani aliyeitoa. Sigara iliyoandikwa, asema, haikupi nafasi ya kudai kuwa yote yameharibika.

Kuhusu vyombo vyenyewe wataalamu wanavutana. Uingereza madaktari huwahimiza wavutaji wakubwa kuhamia humo. Shirika la Afya Duniani halivipendekezi, na huhofia zaidi vijana wanaovutwa na ladha za matunda. Katika utafiti uliofanywa Uingereza kwa watu 886 na kuchapishwa mwaka 2019, kati ya kila 100 waliopewa sigara za umeme, 18 walikuwa wameacha sigara baada ya mwaka mmoja, na kati ya waliopewa dawa nyingine za nikotini, kama vile ubani wa kutafuna na vibandiko vya ngozini, karibu 10. Lakini tazama mambo mawili yasiyotajwa sana. Wote walikuwa na mshauri wa kuwaona kila wiki katika mwezi wa kwanza. Na kati ya wale walioacha kwa umeme, 80 katika kila 100 walikuwa bado wakiuvuta mvuke wakati mwaka ulipokwisha. Kwa mtu ambaye hajapata kuvuta sigara, mimi sioni kabisa anakitafutia nini chombo hiki.

Ninapoandika haya Fundi ana miezi 5 tangu aliporudi kwenye chombo. Ukurasa wa nyuma una sigara 4, ya mwisho ikiwa ya siku ya mazishi ya shangazi yake, na kesho yake hakuvuta. Daktari amemwambia asiharakishe kukiacha chombo kabla sigara haijasahaulika, ila apunguze nguvu ya majimaji pole pole, naye ameshashuka daraja moja. Barazani amerudi. Mzee bado hutoa pakiti na kuizungusha kama kawaida yake, akifika kwa Fundi humruka, akamsogezea sahani ya kashata.