Chama cha Bodaboda Si Bima

Swali ni lilelile mkoani Kigoma, liwe limetoka Murungu, Kibondo mjini, Makere au Kasulu: "Mtaalamu, kijiweni kwetu wanataka kiingilio na ada ya kila wiki. Nikishajiunga na chama, bima nakata ya nini tena?" Kuna wanaoligeuza: "Bima nimeshakata, hiyo ada ya chama ni ya nini?" Kasoro ni ileile pande zote mbili. Muulizaji anaamini chama na bima vinafanya kazi moja, kwa hiyo kulipia vyote ni kupoteza hela. Nimelijibu swali hili kwenye semina, kwenye simu, hata msibani jeneza likiwa bado ndani. Sasa naliandika.

Jibu fupi: ada ya chama mara nyingi ina faida, ila ujue unalipia nini. Unachokilipia si bima, hakijawahi kuwa bima, na siku ya ajali hakitageuka kuwa bima kwa sababu tu mwenyekiti ni mtu mwema.

Imani yenyewe naijua mizizi yake. Mwenzenu alianguka, kijiwe kikachanga, akapelekwa hospitali, mkewe akapewa unga na maharage. Kila mtu aliona kwa macho yake chama kikimbeba mtu. Hakuna aliyeona ni kiasi gani kilibaki kudaiwa baada ya hapo, kwa sababu deni halikai kijiweni. Liliishia kwenye shamba la familia. Kutokana na tukio hilo moja, vijana arobaini wanahitimisha kwamba wamekingwa.

Tuanze na karatasi. Ombeni katiba ya chama chenu mtafute kifungu cha ajali. Katiba nyingi ninazoletewa nizipitie zina sentensi inayofanana na hii: "Mwanachama akipata ajali, chama kitamsaidia kadiri ya uwezo wa mfuko." Isome tena taratibu. Haisemi utalipwa nini, lini, wala kwa ushahidi gani. Haisemi uende wapi wakikunyima. Mwaka ambao mfuko umekauka, chama kimetimiza katiba yake kikamilifu kikikupa pole. Mkataba wa bima una mipaka na vikwazo vyake, na baadhi vinakera, lakini kampuni haiwezi kumjibu mdai kwamba mwezi huu imeishiwa.

Sasa hesabu. Chukua kijiwe cha watu 40, kila mmoja anatoa 1,000 kwa wiki, na tuseme, kinyume na maumbile, hakuna anayekwepa. Hiyo ni 40,000 kwa wiki, na 2,080,000 kwa mwaka mzima. Humo toa rambirambi za wazazi na watoto, posho ya katibu kwenda halmashauri, na michango ya harusi ambayo hakuna anayethubutu kuipinga. Hata usipotoa kitu, fedha yote ya mwaka, ya watu wote, hainunui Boxer mpya moja dukani. Na Boxer ndiyo hasara ndogo katika ajali.

Hasara kubwa ni watu. Dereva amevunjika paja karibu na njia panda ya Nduta, abiria wake ameumia kichwa. Hospitali ya wilaya Kibondo inawapokea, inawatuliza, kisha inaanza habari ya rufaa: Maweni pale Kigoma, au Bugando kule Mwanza. Kuna usafiri, upasuaji, ndugu wa kuuguza anayekula na kulala mjini kwa wiki kadhaa, miezi ya kukaa bila kazi. Huyo ni dereva peke yake. Abiria akifariki, au akibaki na ulemavu, familia yake ina haki ya kudai fidia mahakamani. Mfuko wa milioni mbili unaingia wapi hapo? Haba na haba hujaza kibaba, nakubali. Lakini dai hili ni la gunia.

Wanaojua hesabu hunijibu: "Basi tuongeze ada." Hapana. Tatizo haliishii kwenye kiasi. Watu 40 mnaopaki sehemu moja mnapita barabara moja, kwenye mvua moja, msimu mmoja. Udongo wetu ukilowa unateleza kwa wote siku moja. Wakulima wa tumbaku wakilipwa, au maharage yakitoka shambani, wote mnakesha barabarani, mmechoka pamoja, mnakimbizana pamoja. Lami nayo imeongeza jambo lake: mradi wa Kabingo–Kibondo–Kasulu–Manyovu, zaidi ya kilomita 260, umeleta neema kubwa kwenye nyanda hizi, na umewapa vijana spidi ambayo vumbi na makorongo viliwanyima. Ajali za kijiwe kimoja huja kwa mkupuo. Kampuni ya bima hukusanya hatari za Kibondo na za Mtwara, za pikipiki na za malori, kisha yenyewe hukata bima kwa makampuni makubwa zaidi. Kijiwe chenu kimekata wapi?

Si Waha wa mkoa huu walioanza kosa hili. Uingereza ya karne ya 19 ilijaa vyama vya wafanyakazi vya kusaidiana katika ugonjwa na maziko. Vingi vilifilisika kwa sababu vilitoza kijana na mzee ada sawa, vikaahidi mafao bila kukokotoa nani ataugua lini. Walikuwa waaminifu, na wengine walikuwa wacha Mungu kabisa. Hesabu haikuwahurumia.

Lakini kuna hoja nzito kuliko hizo zote, na ndiyo inayonikasirisha ikisahauliwa. Bima ndogo, ile ya lazima chini ya Sheria ya Bima za Magari, Sura ya 169, haikuwekwa kwa ajili yako wewe dereva. Iliwekwa kwa ajili ya mtu uliyemgonga na abiria uliyempakia kwa nauli. Mama aliyetoka sokoni Murungu na ndoo yake, ukamgonga, si mwanachama wenu. Katiba yenu haimtaji. Hawezi kuja kijiweni na kifungu mkononi kudai chochote. Kwenye bima, sheria inamtambua: mahakama ikimpa haki dhidi yako, kampuni inawajibika kulipa. Kwa hiyo anayesema "mimi nina chama, bima ya nini" anasema, bila kujua, kwamba mama huyu atajijua mwenyewe. Bado kesho utamwita, "Mama, panda twende."

Na viongozi wenye hamu ya kugeuza chama kiwe bima "rasmi", kwa kutoza ada na kuahidi fidia, wajue kwamba Sheria ya Bima ya 2009 hairuhusu mtu kufanya biashara ya bima bila kusajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Muhuri wa serikali ya kijiji si leseni ya bima.

Mkitaka mfano wa jirani, tazameni Rwanda. Kule waendesha pikipiki waliwekwa kwenye ushirika kwa nguvu ambayo sisi hatujawahi kuiona, ushirika juu ya ushirika hadi shirikisho la nchi. Januari 2022 walipoandamana Kigali, miongoni mwa malalamiko yao ilikuwa gharama ya bima. Maana yake ni kwamba pamoja na ushirika wote ule, bima ilibaki palepale, kila mtu na yake. Kama wao hawakuweza kuimeza ndani ya ushirika, kijiwe cha stendi kitaweza?

Kabla watu wa bima hawajaanza kunipigia makofi, niseme na upande wa pili. Bima ndogo haikutibu wewe uliyevunjika paja. Haitengenezi pikipiki yako. Haimlipi tajiri mwenye pikipiki hesabu yake ya siku unapokuwa kitandani. Wanaodai "nina stika, nimemaliza" wamekosea sawasawa na wale wa chama.

Na kuna ujanja wa stika. Kijana anakata bima ya pikipiki ya matumizi binafsi kwa sababu ni nafuu, kisha anapakia abiria asubuhi hadi usiku. Chukua cheti chako sasa hivi, angalia mstari wa matumizi. Kama umeandikwa binafsi nawe unabeba kwa nauli, umeipa kampuni sababu ya kukukimbia au kukugeuzia deni. Angalia na leseni ya udereva: pikipiki inayozidi cc 125 inataka daraja A, na wengi wenu mnaendesha Boxer 150 kwa A1. Kasoro hizi mbili hazionekani hadi siku ya dai, na siku hiyo haziwezi kurekebishwa.

Sasa, chama kina faida gani? Kina nyingi, na ni kwa hizo ada inastahili kulipwa. Msiba: hakuna kampuni itakayokuja kukuchimbia kaburi la baba usiku wa manane na kukaa na wewe siku tatu. Wizi: pikipiki ikiibiwa, kijiwe hupeleka habari barabara nzima kabla polisi hawajafungua faili. Mkopo: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu, hupitia kwenye vikundi. Utaratibu ulisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa 2024, na kijana anayeenda peke yake bila kikundi kilichosajiliwa hufika kwa afisa maendeleo ya jamii akageuzwa mlangoni. Nidhamu: abiria usiku anapanda kwa mtu mwenye refleka yenye namba, kwa sababu akisahau mzigo anajua pa kuuliza. Sauti: halmashauri ikitaka kuhamisha kituo, huzungumza na chama, haizungumzi na wewe.

Kisichokuwemo kwenye orodha hiyo ni kutolewa polisi. Faini ya kosa la barabarani kwa bodaboda ilishushwa na bajeti ya 2021 kutoka 30,000 hadi 10,000. Lipa, chukua risiti, endelea na kazi. Kama chama chenu kinachukua ada kwa ahadi kwamba trafiki hatakugusa, mnachangia rushwa, wala msinihusishe nayo.

Utajuaje basi kama ada ya kijiwe chako ni halali yako? Uliza mambo manne, simama hapo hadi ujibiwe. Chama kimesajiliwa wapi? Fedha ziko benki au mfukoni mwa mhazini, na nani anatia saini? Mara ya mwisho mapato na matumizi kusomwa mbele ya wanachama ilikuwa lini? Ukiondoka, unarudishiwa nini? Na kama mnawekeana na kukopeshana, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inawahusu. Kikundi kijisajili kwa shughuli hiyo. Majibu yakiwa mabovu, lipa ile unayolazimika ili upate nafasi ya kupaki, na akiba yako iweke pengine.

Ya kufanya, kwa haraka.

Kata bima ndogo ya biashara kwanza, kabla ya kiingilio cha chama. TIRA imeweka viwango vya chini, kwa hiyo anayekuuzia kwa bei ya kutupa ana jambo. Hakiki stika kwa namba ya usajili kwenye mfumo wa TIRA ukiwa bado mbele ya wakala, si ukiwa nyumbani.

Kama pikipiki ni ya mkataba, mwambie tajiri akuoneshe bima kabla hujampa hesabu ya kwanza, na iandikwe kwenye mkataba nani anaihuisha. Bima ikiisha katikati ya mkataba, aliye barabarani ni wewe.

Matibabu yako tafuta kwenye bima ya afya. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023. Nenda ofisi ya kata au zahanati uulize kaya yako inaingia wapi na kwa kiasi gani. Ukiweza, ongeza mchango wa NSSF wa waliojiajiri.

Bima kubwa, ile inayokinga na pikipiki yenyewe, ni kwa pikipiki mpya ambayo bado ina mkopo. Ya zamani, weka akiba ya matengenezo.

Ukipata ajali: usihamishe pikipiki kabla polisi hawajafika, isipokuwa kwa kuokoa mtu. Majeruhi apate fomu ya polisi ya PF3, wewe fuatilia ripoti ya ajali ya PF90 na ripoti ya ukaguzi wa pikipiki, piga picha, iarifu kampuni mara moja. Usiandikishane mapatano chini ya mwembe ukakiri kila kitu. Unaweza kuwa unaua dai ambalo kampuni ingelilipa.

Na kwa viongozi wa vijiwe, acheni kuahidi msichokuwa nacho. Mna kitu ambacho TIRA na trafiki hawana: foleni. Wekeni sharti moja kwenye katiba, kwamba asiye na bima hai ya biashara hapangi foleni kijiweni, na katibu akague stika kila mwanzo wa mwezi. Mwiteni wakala aje kijiweni siku moja awakatie wote, ili tarehe zenu za kuhuisha zifanane na isiwepo sababu ya kusahau. Chama kinachofanya hivyo, hata kama hakijawahi kumpa mtu shilingi, ada yake ningelipa.