Uso Uwakao Moto: Si Kila Kipele ni Chunusi

Wapo akina mama, na akina baba pia, ambao nyuso zao huwaka na kuota vipele, nao hukimbilia krimu ya kwanza wanayosifiwa na jirani. Tumeona vyema tuwaeleze namna ya kupambanua kabla ya kujipaka lolote.

Rozasea ni maradhi ya ngozi yasiyoambukiza, na aghalabu huanza baada ya umri wa miaka 30. Hushika katikati ya uso: mashavu, pua, kidevu na paji. Jua, chai ya moto, pilipili au ghadhabu huuwasha uso, na kwa wengine macho huchoma kana kwamba yameingia mchanga. Juu ya ngozi nyeusi wekundu hujificha, ukaonekana kama weusi wa zambarau. Kwa hiyo mtu asingoje kuona rangi, bali azingatie joto na mchomo.

Chunusi huwa na vidoa vyeusi vilivyoziba matundu ya ngozi, rozasea haina. Mba wa usoni huacha magamba yenye mafuta kwenye nyusi na kandoni mwa pua. Lupasi huchora umbo la kipepeo mashavuni, ila huiruka mikunjo ishukayo kutoka puani hadi mdomoni. Mara nyingi huandamana na uchovu, homa na maumivu ya viungo, na kwa kuwa huweza kudhuru figo, haifai kucheleweshwa.

Ipo sababu nyingine tunayojiletea wenyewe. Baadhi ya krimu za kung'arisha uso na mikorogo huwa na steroidi kali, kama klobetasoli. Mwanzoni uso hulainika. Baadaye ngozi hukonda, mishipa midogo huchomoza, na vipele hufanana mno na rozasea. Mtumiaji akiacha, uso huwaka zaidi, akirudia, hutulia. Huo ndio mtego: kinachomtuliza ndicho kinachomdhuru.

Njia ya kutoka ni kuacha chini ya uangalizi wa daktari. Tunawasihi mwende na kopo lile lile la krimu, wala msimfiche neno, kwani asiyejua ulichopaka hawezi kujua unachougua. Nasi waume na wazazi tunaousifu weupe wa bibi arusi, tujiulize ni nani aliyemtuma dukani.